Mwili hauyajui maziwa: kinga inavyoishika protini ya ng'ombe

Chukua kikombe cha maziwa mabichi ya ng'ombe, yapashe moto kidogo tu yawe vuguvugu, kisha kamulia limau. Muda si mrefu yatakatika: mabonge meupe yatajikusanya, na pembeni yatajitenga maji yenye rangi ya kijani hafifu. Usiyamwage kwanza. Mabonge hayo ni kasini, ukoo wa protini nne zinazobeba karibu asilimia 80 ya protini yote iliyomo. Maji yale huitwa wei, na ndani yake zimeyeyuka protini nyingine, iliyo nyingi zaidi ikiwa beta-laktoglobulini, ikifuatwa na alfa-laktalbumini. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina gramu 30 hadi 35 hivi za protini. Mtoto mwenye mzio wa maziwa kwa kawaida ana ugomvi na moja au zaidi kati ya hizi chache nilizozitaja, basi.

Jina lenyewe, mzio wa maziwa, linatupoteza kidogo. Mfumo wa kinga hauyajui maziwa. Hauna habari na ng'ombe, wala chai, wala kopo lenye picha ya mtoto mnene. Unachokishika ni sehemu ndogo ya protini fulani, pengine mfuatano wa asidi amino, yaani vipande vidogo vinavyounganishwa kuunda protini, zisizozidi kumi na tano, pengine kona moja ya umbo lililojikunja. Ukilielewa hilo, mengi yanayowachanganya wazazi huanza kujieleza: kwa nini mtoto avimbe midomo kwa kijiko cha maziwa kisha ale keki salama, kwa nini kuyachemsha hakusaidii, kwa nini maziwa ya mbuzi si kimbilio, na kwa nini kipimo cha damu kiseme "ndiyo" huku mtoto anakunywa kila asubuhi bila neno.

Kwanza tuiondoe laktosi njiani, maana ndiyo inayochafua mazungumzo. Mtu mzima akisema "maziwa yananikataa" kwa sababu tumbo linajaa gesi na kuharisha baada ya glasi moja, mara nyingi hana mzio. Laktosi ni sukari. Utumbo wake umepunguza kutengeneza kimeng'enya cha laktasi baada ya utoto, kama ilivyo kwa watu wazima wengi duniani. Sukari isiyomeng'enywa huteremka hadi utumbo mpana, bakteria wanaichachua, tumbo linaunguruma. Kinga haikuitwa kabisa. Huku kwetu jambo hili lina historia yake: mwaka 2007 timu ya mtaalamu wa jenetiki Sarah Tishkoff ilichapisha uchunguzi wa watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan, ikaonyesha kwamba jamii za wafugaji wa ukanda huu zina mabadiliko yao ya kijenetiki, tofauti na yale ya Wazungu, yanayowawezesha kuendelea kutengeneza laktasi ukubwani. Na ndiyo sababu mtindi humtuliza mwenye shida ya laktosi: bakteria wameshakula sehemu ya sukari. Mwenye mzio hapati ahueni hiyo. Protini zake bado zimo ndani ya mtindi, zimeganda tu. Mfugaji mwenye jeni safi ya laktasi anaweza kabisa kuzaa mtoto mwenye mzio wa kasini. Mambo hayo mawili hayajuani.

Sasa turudi kwenye kinga. Kila mlo ni mzigo wa protini za viumbe wengine, na si zote husagwa zikaisha. Kiasi kidogo cha protini nzimanzima hupenya ukuta wa utumbo na kuingia katika damu ya mtu yeyote, mwenye mzio na asiye nao. Hata maziwa ya mama anayekunywa chai ya maziwa huweza kuwa na chembe za beta-laktoglobulini ya ng'ombe, ingawa mwili wa binadamu hautengenezi protini hiyo kwenye maziwa yake. Kwa hiyo mgeni anaingia kila siku. Kinachostahili kutushangaza ni utulivu wa sisi tulio wengi.

Utulivu huo hufundishwa. Chini ya ngozi ya utumbo zimekaa seli za dendriti, zenye mikono mirefu, zikiokota chochote kinachopita. Zikishaokota protini huimeza, huikatakata, kisha husafiri nayo hadi kwenye tezi za limfu za tumboni kuwaonyesha seli T, seli za kinga zinazoamua mgeni apokewe vipi. Utumbo ukiwa na amani, seli za dendriti hufika pale zikiwa zimelowa kemikali za upole, mojawapo ikitokana na vitamini A, na seli T inayosomeshwa katika hali hiyo hugeuka kuwa seli ya kutuliza. Kazi yake tangu hapo ni kama ya mzee wa mtaa: ugomvi ukitaka kuzuka juu ya protini ile, anaingia kati. Kunywa maziwa na kuyavumilia ni somo ambalo mwili uliwahi kufundishwa, hata kama hakuna anayelikumbuka.

Somo huharibika pale ambapo mgeni anaingia wakati nyumba ina vurugu. Ukuta wa utumbo au ngozi ukichubuka au kuvimba, seli zake hutoa kemikali za kengele. Seli ya dendriti inaokota kipande kilekile cha maziwa, lakini safari hii inakipeleka pamoja na habari mbaya. Seli T inayosomeshwa sasa inakuwa ya aina nyingine, ile ambayo asili yake ni kupambana na minyoo na vimelea. Hapa ngozi inastahili kutajwa peke yake. Watoto wachanga wenye pumu ya ngozi kali, ile inayokwaruzwa hadi kutoka maji, wako katika hatari kubwa zaidi ya kupata mizio ya chakula, na dhana iliyopata nguvu katika miaka ya karibuni ni kwamba chakula kinachougusa mwili kwanza kupitia ngozi mbovu hufundisha uadui, na kinachopita mdomoni hufundisha uvumilivu. Kwa karanga ushahidi wake ni mzito. Kwa maziwa ni mwepesi zaidi, lakini mwelekeo ni uleule.

Hadi hapa nimesema "kinga inatambua" kana kwamba ni kitendo kimoja. Ni viwili, na tofauti yake ndiyo kiini cha jambo zima.

Seli T haiwezi kuiona protini ikiwa nzima. Inaonyeshwa kipande kilichokatwa, asidi amino kama kumi na tano hivi zilizonyooshwa juu ya kibanio cha seli nyingine. Inafanya kazi kama msomaji: herufi hii, kisha hii, kisha hii. Umbo la protini kabla ya kukatwa halimhusu. Unaweza kuchemsha, kukaanga, kugandisha. Ilimradi herufi ziko katika mpangilio wake, seli T itazisoma.

Seli B, seli ya kinga inayotengeneza kingamwili, inafanya kazi kama mtu anayepapasa gizani. Juu yake kuna vipokezi, na kila seli B ina vya aina moja tu, iliyoundwa kwa kubahatisha kabla haijawahi kukutana na chochote. Mwilini zimo seli za namna hiyo kwa mamilioni, kila moja na kiganja chake. Siku beta-laktoglobulini inapita, moja kati yao inajikuta na kiganja kinachoenea vizuri kwenye upande fulani wa protini ile. Hakuna aliyepanga. Seli B inashika, inameza, inakata, inaonyesha vipande vyake kwa seli T, na kama seli T hiyo ni ya ule msimamo wa kivita, inaitumia ujumbe wa kikemikali: tengeneza kingamwili za aina ya IgE. Kingamwili ni protini ya kinga yenye sehemu ya kumshikia mgeni na mkia. Sehemu ya kushikia inabaki ileile; mkia ndio unaobadilishwa.

Mkia huo ndio wenye balaa. IgE ni chache mno katika damu ukilinganisha na kingamwili nyingine, kiasi kwamba haikugunduliwa hadi mwaka 1966, pale watafiti Kimishige na Teruko Ishizaka walipoitambua huko Denver, Marekani, na muda mfupi baadaye Johansson na Bennich wakaifikia kwa njia nyingine Uppsala, Sweden. Lakini kivuli chake kilishaonekana mapema zaidi. Mwaka 1921, mjini Breslau, daktari Heinz Küstner alikuwa na mzio wa samaki. Mwenzake Carl Prausnitz alichukua majimaji ya damu ya Küstner, akajidunga mwenyewe chini ya ngozi ya tumbo, na siku iliyofuata akadunga maji ya samaki mahali palepale. Ngozi ikavimba na kuwasha. Kitu kisichoonekana kilikuwa kimehama kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine kikiwa bado kinamkumbuka samaki. Leo hakuna kamati ya maadili itakayokuruhusu kujidunga damu ya rafiki. Na kuna jambo dogo katika kisa hicho ambalo nalipenda kuliko ugunduzi wenyewe: Küstner alidhurika kwa samaki aliyepikwa, si mbichi. Moto ulikuwa umebadilisha kile ambacho kingamwili zake zilikipapasa. Tutaurudia moto huo.

IgE hazikai sana zikielea. Mkia wake huchomekwa kwenye seli za masti, ambazo zimejipanga chini ya ngozi, kwenye utumbo, kwenye njia za hewa na kandokando ya mishipa ya damu, zimejaa vifuko vya histamini. Kila seli ya masti inasimama ikiwa imetandazwa mikono ya IgE, mingine ikingoja maziwa, mingine vumbi, mingine hata haijulikani inangoja nini. Inaweza kukaa hivyo kwa wiki kadhaa bila dalili yoyote. Ndiyo maana mtoto hadhuriki siku ya kwanza kabisa ambayo kinga yake inakutana na maziwa. Ile ya kwanza ni ya kuandaa. Mzazi husema "lakini alishawahi kunywa na hakupata kitu", na anasema kweli.

Ili seli ya masti ifyatuke, haitoshi protini kushikwa na IgE moja. Ni lazima molekuli hiyohiyo ishikwe na IgE mbili au zaidi kwa wakati mmoja, kila moja mahali pake, ili mikono miwili iliyokuwa mbalimbali ivutwe pamoja. Mvutano huo ndio amri. Ndani ya dakika vifuko hupasuka, histamini humwagika, mishipa ya damu hulegea na kuvuja. Juu ya ngozi yanatokea mabaka yanayowasha, midomo inavimba. Tumbo linakaza na kutapika. Kifua kinabana na kutoa mluzi. Ikitokea mwili mzima kwa pamoja, shinikizo la damu linaweza kuanguka, na hiyo ndiyo anafilaksia. Tiba yake ya kwanza ni adrenalini inayodungwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje, mapema. Dawa za mzio za vidonge au za maji hupunguza kuwasha. Haziwezi kuinua shinikizo la damu wala kufungua koo, na kuzisubiri zifanye kazi ni kupoteza dakika ambazo mtoto hana.

Sharti hilo la mikono miwili linaeleza pia yale maziwa maalumu ya kopo ambayo daktari huandika kwa watoto hawa. Protini ndani yake zimekatwakatwa na vimeng'enya hadi vipande vifupi sana. Kipande kimoja bado kinaweza kushikwa na IgE moja, lakini hakina urefu wa kushikwa na mbili. Seli ya masti haipati mvutano. Kwa watoto wachache ambao hata hayo yanawadhuru, yapo yanayotengenezwa kwa asidi amino moja moja, ambapo hakuna tena cha kushika.

Sasa maumbo. Kasini ni protini ya ajabu kwa kuwa haina umbo la kudumu. Ni kama uzi uliolegea. Beta-laktoglobulini ni kinyume chake: mnyororo wa asidi amino 162 uliojikunja vizuri kuwa mfano wa kikombe kidogo, chenye nafasi ya kubebea vitu vya mafuta. IgE inayoshika kikombe hicho mara nyingi inashika umbo, yaani asidi amino ambazo kwenye mnyororo ziko mbalimbali lakini mkunjo umezikutanisha. IgE inayoshika kasini mara nyingi inashika mfuatano, kipande cha uzi kama kilivyo.

Weka sasa jiko. Kikombe kikipata joto la nyuzi 70 hadi 80 kinaanza kufunguka, na protini zilizofunguka zinang'ang'aniana zenyewe kwa zenyewe na kwa kasini. Sehemu yake utaiona kwenye ule utando unaoganda juu ya maziwa yaliyochemka. IgE iliyokuwa inatafuta kikombe haikioni tena. Uzi wa kasini, kwa upande wake, hauna cha kupoteza. Huwezi kuliharibu umbo la kitu kisicho na umbo. Kwa hiyo kuchemsha maziwa ya chai, hata yakipanda na kumwagika mara tatu, kunaua vijidudu lakini hakumlindi mtoto mwenye IgE za kasini, na hata mwenye IgE za kikombe hapati ulinzi wa kutegemewa.

Keki ni habari nyingine. Maziwa yaliyochanganywa na unga wa ngano, yakaokwa kwenye oveni kama nyuzi 180 kwa nusu saa, yanapata joto kali la muda mrefu, na pia protini zake zinanaswa ndani ya wavu wa gluteni, protini ya ngano, haziachiliwi kirahisi. Tafiti za Marekani zilikuta watoto kama saba kati ya kumi wenye mzio wa maziwa wakila vitu vilivyookwa namna hiyo bila kudhurika. Wanaobaki, wale watatu, ndio wenye kawaida ya kuwa na IgE nyingi za kasini, na mzio wao huwa mkali na mrefu. Naomba mtu asiisome aya hii akakimbilia kumjaribu mwanawe kwa kipande cha keki ya harusi. Jaribio la kwanza hufanywa hospitali. Na andazi la kukaanga dakika chache, laini katikati, si keki iliyookwa nusu saa.

Kuhusu mbuzi, nimesikia ushauri huu mara nyingi kiasi kwamba nina hasira nao kidogo: "Mpe ya mbuzi, ni mepesi." Kasini za mbuzi na kondoo zinafanana na za ng'ombe kwa zaidi ya asilimia 80 ya herufi zake, na kiganja kilichojifunza ng'ombe kinamshika mbuzi bila kujua tofauti. Zaidi ya watoto tisa kati ya kumi wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe wa aina hii ya IgE hudhurika na ya mbuzi pia. Ngamia yuko mbali zaidi kiukoo: maziwa yake hayana beta-laktoglobulini kabisa, na kasini zake zimetofautiana vya kutosha hivi kwamba watoto wengi wenye mzio huyavumilia. Kwa jamii za kaskazini mwa Kenya na Wasomali, ambako ngamia ndiye ng'ombe, hilo si jambo la maabara tu. Lakini "wengi" si "wote", na hapa tena kipimo hutangulia kikombe.

Kuna upande mwingine ambao IgE haimo. Mtoto anayenyonya vizuri, anayekua, lakini kinyesi kina michirizi ya damu. Au mtoto anayetapika mfululizo hadi kulegea na kupauka, saa moja hadi nne baada ya kunywa maziwa. Hapo wanaohusika ni seli T na wenzao moja kwa moja, wale wasomaji wa herufi, ndiyo maana majibu huja polepole. Kipimo cha ngozi kwa mtoto huyu kitasema hakuna kitu, na mama ataambiwa anajitungia. Hajitungii. Kipimo kilitafuta mkono ambao haukuhusika.

Na kinyume chake ni kweli. Kipimo cha kuchoma ngozi kwa tone la maziwa huhesabiwa chanya uvimbe ukifika milimita 3 au zaidi. Kipimo cha damu huhesabu IgE zinazoshika protini za maziwa. Vyote viwili vinaonyesha kwamba mikono ipo. Haviwezi kusema kama itavutwa. IgE zinaweza kuwa chache, au zinashika kwa ulegevu, au zote zinagombania mahali pamoja kwenye protini, au kingamwili za aina nyingine zinawahi kuishika kabla yake. Watoto wengi wana kipimo chanya na hawana mzio, na kuwanyima maziwa kwa sababu ya karatasi ya maabara ni kuwaondolea kalisi na protini bure, pengine na uvumilivu wenyewe.

Habari njema ni kwamba walio wengi hupona, baadhi kabla ya kuanza shule, wengine wakiingia ujana. IgE hupungua, seli za kutuliza huongezeka, kingamwili za IgG4 huja kuziba zile sehemu za kushikia. Wanaong'ang'aniwa zaidi ni wale wa uzi, yaani wenye IgE za kasini: tafiti zilizokatakata kasini kipande kwa kipande na kuangalia ni vipi vinashikwa zilikuta kwamba mzio unaodumu huambatana na IgE zinazoshika mifuatano mingi mbalimbali, na unaopona mapema huelemea maumbo. Kwa wasiopona ipo njia ya kuwapa maziwa kwa vipimo vidogo vinavyopanda kwa miezi, na tangu Februari 2024 Marekani imeruhusu omalizumabu kwa mizio ya chakula, sindano ya kingamwili inayoikamata IgE kwenye mkia kabla haijachomekwa kwenye seli ya masti.

Jibu la uhakika bado linapatikana kwa njia ya zamani kuliko zote. Mtoto anakalishwa kitandani hospitalini, adrenalini imeshapimwa kwenye bomba la sindano na kuwekwa mezani. Anapewa tone. Wanasubiri, wanaangalia midomo, tumbo, kifua. Halafu kijiko cha chai. Wanasubiri tena.